Iache Ipumue

Kabla hajakuitikia salamu alikuwa amekwisha kukugusa. Alikuwa anageuza mkono, anakuwekea mgongo wa kiganja shingoni, anakunja uso kidogo kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, ndipo anasema, "Marahaba, mwanangu. Huna homa. Kaa." Wanafunzi wapya walishtuka. Waliozoea walimletea shingo wenyewe wakipita mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na asiyeguswa alirudi kudai.

Sisi tulimwita Mwalimu wa Umeme, ingawa pale chuoni walimu wa umeme walikuwa wawili. Yule mwingine, kijana wa watu, tulimwita kwa jina lake. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tanga, serikali ilimleta Kasulu akiwa na begi moja la nguo nyepesi, na mpaka anaondoka hakuwahi kuisamehe kwa hilo. Mimi nilikuwa nafundisha ushonaji, karakana ya jirani. Nyumba zetu za chuo zilitenganishwa na ukuta mmoja. Akikohoa, nasikia. Nikikaanga dagaa, ananiuliza kupitia ukutani kama nimekumbuka kutia ndimu.

Nitasema mapema usije ukapotea: yeye alitaka kurudi kwao, kwa mama yake aliyekuwa mzee, na mimi nilitaka abaki. Katikati yetu ulisimama mlima, na kwenye mlima palikuwa na bajaji. Ukishika hayo matatu, mengine yote utayafuata.

Bajaji yenyewe ilikuja mwaka 2012, ikaletwa na wafadhili ambao hawakukaa hata kunywa chai. Ilikuwa ya umeme. Haina tangi la mafuta, ina betri chini ya kiti na mota nyuma, ikitembea inalia kama cherehani. Ilikusudiwa kijiji kimoja upande wa Nyakitonto, ichukue wajawazito iwapeleke hospitali mjini, maana mpaka siku hizo tulikuwa tunawabeba kwa machela ya miti, wanaume wakipokezana. Kwenye tambarare ilikimbia, watoto wakaikimbiza wakishangilia. Ilipofika katikati ya mlima wa mikaratusi ikanuka plastiki inayoungua, ikazima. Mama aliyekuwemo alimalizia safari kwa machela, akajifungua njiani. Alipona na mtoto akapona, Mungu ni mkubwa, lakini kijiji kizima kilisema kile kitu ni cha kuchezea. Wakakisukuma mpaka chuoni kwetu, wakakiacha nyuma ya karakana.

Mwalimu wa Umeme alikizunguka, akapiga magoti, akafungua kiti. Kisha akaniita kwa sauti ya msibani.

"Shoga! Njoo uone dhambi!"

Nikaenda na sindano yangu mdomoni.

"Tazama. Wamezipanga betri bega kwa bega, wamezifungia kwenye sanduku la bati, halafu juu wakatia zulia. Zulia, shoga! Wewe nikutwike gunia la mahindi, nikufungie sandukuni, nikwambie panda mlima. Utafika?"

"Sifiki."

"Basi. Na hii," akagonga kisanduku cheusi chenye nyaya, kile kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, ambacho mafundi wanakiita kontrola, "hii ndiyo yenye akili kuliko wote. Imeona inaungua, ikajizima. Mngeisikiliza msingeilaumu."

Siku ile ile, mbele yangu na mbele ya mkuu wa chuo, akaapa kwamba haondoki Kasulu mpaka kitu kile kipande mlima wa mikaratusi na mjamzito ndani, bila kusimama. Mkuu wa chuo akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumjua. Huyu mwanamke akiapa, hata ugali haupiki mpaka atimize.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: joto halifi, linahama tu. Aliusema darasani, aliusema jikoni, aliusema akiwa na mafua. "Joto halifi, wanangu. Ukilifungia, linakula lililo karibu. Kazi yako fundi ni kulionyesha mlango." Nilikuwa nikimsikia kupitia dirisha la karakana huku nikipiga pasi, na wanafunzi wangu wa ushonaji wakaushika. Msichana akiunguza kitambaa, wenzake wanamwambia kwa pamoja, "Hukulionyesha mlango!"

Na mwanamke huyo huyo, aliyekesha na joto la mashine, yeye mwenyewe baridi ilikuwa inamuua. Nisikilize vizuri. Kasulu si Ulaya. Kuna kaubaridi ka asubuhi, Juni na Julai kuna ukungu, sisi wenyeji tunajitanda kitenge tunaendelea. Yeye alivaa masweta mawili, juu yake khanga, juu ya khanga koti la marehemu mumewe. Chini ya meza ya darasani aliweka jiko la mkaa. Saa za mapumziko alijibandika kwenye ukuta uliopigwa na jua, macho amefumba, na ukimsemesha anajibu bila kuyafumbua.

"Imbeho," nilimfundisha. Ndivyo tunavyoiita baridi kwa Kiha.

"Hata jina lake linatetemesha," akasema. "Kwetu saa hizi mtu anaoga mara mbili na bado anajipepea."

Alipoanza habari za kwetu hukumkatisha. Nazi, hasa. Mfanyabiashara mmoja mjini, mwenye ndugu zake huko pwani, alikuwa mara chache anapata nazi kavu, na habari zikifika chuoni Mwalimu alitoka darasani kama mtu aliyeitwa na polisi. Alizichagua kwa kuzitikisa sikioni. Mawese yetu alipofika aliyasema vibaya mno, eti yananuka kama grisi ya gari. Baada ya miaka miwili nikamkuta anatia mawese kwenye maharage, kwenye mchicha, kwenye samaki wa migebuka, na siku moja, naapa, kwenye wali. Nikamwangalia. Akasema, "Usiseme neno," na sikusema.

Salamu zetu nazo zilimchosha. Sisi Waha tukisalimiana tunapiga makofi taratibu, tunainama, tunaulizana nyumba, watoto, shamba, mbuzi, mvua, halafu tunaanza upya kutoka upande wa pili. Yeye alitaka shikamoo, marahaba, tufanye kazi. "Mpaka mmalize kusalimiana," aliniambia, "mgonjwa aliyewaleta amekwisha pona au amekwisha kufa." Mashine alizivumilia kutwa. Aliweza kukaa karibu na mota tangu asubuhi mpaka mchana akingoja ipoe ili aiwashe tena aone inapopatia moto. Watu hakuwavumilia hata dakika. Ukimuuliza swali mara mbili alikuuliza kama masikio yako yamekodishwa.

Kuhusu joto hakukubali uongo, wa kwake wala wa mtu. Kuna siku alikuja kiongozi mmoja kutoka juu, mtu mnene mwenye tai, akataka apande bajaji mpaka kileleni apigwe picha. Wakati huo kazi ilikuwa nusu. Gwimo, dereva wetu, mtu mpole aliyeacha bodaboda kwa ajili ya ile kazi, akamchukua. Katikati ya mlima Mwalimu, aliyekuwa anatembea pembeni, akapiga kelele wasimame. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye mota.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" kiongozi akauliza.

"Bado ina moto. Shuka, mheshimiwa."

Mkuu wa chuo alimvuta pembeni, jasho linamtoka. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Mwalimu, sema tu imepoa, mtu apigwe picha twende zetu."

"Mkono huu haujawahi kusema uongo," akamjibu, na hakupunguza sauti, "na hautaanzia kwa mtu mwenye tai." Mheshimiwa akashuka. Alipanda mlima kwa miguu, akihema, viatu vyake vyeupe kwa vumbi, na picha akapigiwa juu akiwa ameegemea mkaratusi. Kuanzia siku ile mkuu wa chuo hakumwita tena kwenye mapokezi ya wageni, na yeye alishukuru.

Kazi ilivyokwenda nitakueleza kwa jinsi nilivyoielewa, mimi mtu wa uzi na sindano. Kwanza alitupa zulia. Akatoboa lile sanduku la bati mbele na nyuma, akaziachanisha betri kwa vipande vya mianzi, upepo ukapata njia ya kupita. Kisha akaihamisha kontrola kutoka chini ya kiti, akaileta mbele inapopigwa na upepo. Akasema hiyo haitoshi, inataka mabawa ya aluminiamu, maana aluminiamu hailing'ang'anii joto, inalipokea na kuliachia. Na aluminiamu Kasulu ni nini? Ni sufuria.

Alianza na zilizotoboka. Zilipokwisha, nikarudi nyumbani siku moja nikakuta sufuria yangu kubwa ya pilau haipo rafuni. Nikatoka mbio. Nikaikuta karakanani kwake, kitako kimeshakatwa vipande virefu vyembamba, amevipanga vimesimama kama meno ya kitana.

"Wee mwanamke!" nikasema. "Hiyo ni sufuria ya harusi yangu!"

"Harusi ilikwisha," akanijibu bila kuinua kichwa. "Nitakulipa nyingine. Shika hapa."

Nikashika. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu mtu, unakuja kugombana unaishia kushika.

Mwisho akaja na gunia. Alikuwa ameona kina mama sokoni wanavyohifadhi mchicha, mkaa umezungushwa gunia, gunia linamwagiwa maji, ndani kunabaki ubaridi. Akaniambia nimshonee koti la gunia, lenye mifuko ya mkaa, la kulivisha sanduku la betri kwa nje, maji yasiguse nyaya. Nilishona na kufumua, nikashona na kufumua. Yeye ananisimamia, meno yanamgonga kwa baridi, anasema mshono huu unabana, ule unalegea. Sijawahi kumshonea bibi harusi nguo iliyonisumbua kama ile ya betri. Na nitasema ukweli, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Tulikuwa tunakaa, yeye na jiko lake, mimi na gunia langu, anasimulia Tanga, nasimulia Kakonko nilikozaliwa, na kila mshono uliokamilika nilijua unampeleka mbali nami.

Wakati huo uhamisho wake ulikuwa umekubaliwa. Ndiyo, miaka yote aliyouomba, mwaka 2013 ukakubaliwa, na kila mtu chuoni alijua. Akawaambia wasubiri. Mama yake akapigiwa simu akaambiwa asubiri. "Nimeapa," alisema, kama aliyeapa ni mtu mwingine na yeye ametumwa tu.

Basi Julai ya mwaka huo bajaji ilipanda mlima na mgonjwa mjamzito, ikapumzika mara moja tu katikati, ikafika hospitali salama. Mara moja tu! Gwimo alitupigia simu anapiga kelele. Mwalimu akachukua koti lake, tukaenda kwa miguu mpaka hospitali kuiona.

Sasa nikueleze jambo la kwetu. Mtu akifika kutoka mlimani anatoka jasho, humwachi upepo umpige. Jasho likikukaukia mgongoni unapata kichomi. Unamfunika, unamwambia kaa, unampa kitu cha moto. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo tunavyowafanyia wageni. Mama mkwe wa yule mgonjwa alikuwa ameifuata bajaji kwa miguu mpaka hospitali, akaikuta imeegeshwa uani, upepo wa jioni umeanza, na kwenye koti la gunia maji yanadondoka. Inatoka jasho. Inafuka mvuke. Imembeba mkwe wake na mjukuu wake. Yule mama akalitoa blanketi alilokuja nalo, lile zito la kijivu, akaifunika bajaji nzima, akachomekea na pembe zake vizuri upepo usiingie. Gwimo, kachoka, akapitisha waya chini ya blanketi akachomeka chaji bila kuangalia zaidi. Akaenda kutafuta chakula.

Tulipofika, yule mama alikuwa amesimama pembeni kama mlinzi.

"Mwakeye," akatuamkia, ingawa ilikuwa jioni, kwa furaha aliyokuwa nayo. "Nimelifunika. Lilikuwa linatoka jasho sana."

Mwalimu alivuta blanketi. Hakuhitaji kugusa, joto lilimjia usoni. Betri zilikuwa zimevimba kama unga uliotiwa hamira, mianzi imepasuka katikati yake. Kanuni yake ya kwanza kabisa, aliyoiandika ubaoni kila muhula, ilikuwa usichaji kilicho moto, maana huwezi kumlisha mtu anayehema. Na sasa kimechajiwa kikiwa moto, kimefunikwa.

Gwimo alikuwa amerudi. Alifumba macho. Mimi nikasema moyoni, leo mlima utasikia. Nilimjua huyu mtu, alishawahi kumtukana mwanafunzi kwa kuchaji simu chini ya mto mpaka mtoto wa watu akatokwa na machozi.

Alimsogelea yule mama. Akageuza mkono, akamwekea mgongo wa kiganja shingoni.

"Asante, mama," akasema. "Umelifanyia wema. Ila siku nyingine nifunike mimi."

Yule mama hakuelewa mara moja. Gwimo alimweleza kwa Kiha, taratibu, na nikaona uso wake unavyobadilika. Akashika kichwa. Akataka kupiga magoti, Mwalimu akamzuia. Mwisho yule mama akaliokota blanketi, akamzungushia Mwalimu mabegani, akafunga pembe kifuani kama anavyofungwa mtoto. "Basi lichukue," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Wewe ndiyo unatetemeka."

Njia nzima alitembea mbele yangu, blanketi mabegani. Nyumbani nilimsikia kupitia ukutani akilia, kilio cha mtu anayejificha. Alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, anamwambia betri nyingine zitachelewa, mwaka huu haji. Nilikaa upande wangu na kikombe cha chai. Nilimhurumia sana. Na furaha pia ilikuwepo, sitakuficha, ilikaa pale pale pamoja na huruma, kwa sababu hatakwenda.

Betri mpya zilichukua miezi. Blanketi hakulirudisha. Alijifunika nalo yeye usiku, na zilipokuja betri, asubuhi za ukungu alikwenda kuzifunika nalo kabla ya safari, maana alisema zikiamka na baridi zinakuwa nzito kama yeye. Blanketi kabla ya safari, gunia lenye maji safarini, na baada ya safari zisiguswe, ziachwe zipumue. Akabadilisha na gia ya magurudumu ya nyuma, akatia ya mwendo mdogo, bajaji ikawa inapanda polepole lakini mota haiteseki. Alimfundisha Gwimo kutumia mgongo wa kiganja. Alimfundisha na yule mama mkwe, ambaye sasa alikuwa mkali kuliko wote, mtu akikaribia na waya wa chaji anamfukuza kwa fimbo.

Ilipanda mwaka 2014, baada ya mvua za masika. Tulipigiwa simu kwamba kuna mjamzito uchungu umemshika, wanakuja. Tukatangulia mlimani. Tukasikia ile sauti ya cherehani kutoka chini, mbali, halafu karibu. Ikatokea kwenye kona, inatambaa, kinyonga angeipita. Gwimo amekodoa macho mbele. Ndani mama anashika bomba kwa mikono miwili, na mama mkwe wetu, maana safari hii mjamzito alikuwa mke wa mwanawe wa pili, amekumbatia kibuyu cha maji ya kumwagia gunia.

Ilipofika pale ilipoungulia mara ya kwanza, Mwalimu akaanza kuikimbilia. Alikimbia pembeni yake, mkono kwenye sanduku, anasema, "Twende, twende, twende, mwanangu," sijui akimwambia nani. Akavua koti akalitupa. Akavua sweta akalitupa. Akavua na la pili. Nilikuwa nyuma yake naokota nguo, nacheka, nalia, sijui hata nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa namwomba Mungu ipande. Na sauti nyingine ndani yangu ilikuwa inaomba izime.

Haikuzima. Juu, Gwimo alipunguza mwendo tu, hakusimama, akaendelea na mgonjwa wake mjini. Mwalimu alibaki barabarani na blauzi moja, jasho linamtiririka, mgongo wa kiganja bado ameunyoosha hewani.

"Vuguvugu," akaniambia. "Kama maziwa ya mtoto."

Kisha akaketi chini, kwenye vumbi. "Basi, shoga," akasema. Nikampa koti lake, akakataa kulivaa.

Kuondoka kwake sikukuona. Nilikuwa Kakonko kwenye msiba wa mjomba, mvua ikakata njia, nikakwama huko. Niliporudi nyumba ya jirani ilikuwa imefagiwa. Mezani kwangu, maana alikuwa na ufunguo, nikakuta sufuria mpya ya pilau, kubwa kuliko ile ya harusi. Ndani yake nazi moja. Hakuna barua. Nilikaa na ile nazi mapajani nikalia kama mjinga. Sikuivunja. Niliitikisa sikioni kila baada ya siku chache mpaka maji yake yakakauka.

Kilichoniuma si kwamba amekwenda. Alikuwa na haki ya kwenda, mama yake alikuwa anamngoja. Kilichoniuma ni kutokujua kama alijali. Mtu aliyelalamikia Kasulu miaka yote, aliyehesabu kila mlima kama adui, je, sisi tulikuwa nini kwake? Baridi tu aliyoivumilia? Nilimpigia simu. Alipokea, akanisalimu, akaiulizia bajaji, akamuulizia Gwimo, na kabla sijapata nafasi ya kusema langu: "Haya shoga, simu inapata moto." Anakata. Kila mara, simu inapata moto.

Halafu na mimi nikahamishwa, nikapelekwa Kibondo. Ukuta wangu mpya upande wa pili alikaa mtu wa mifugo, mwema lakini hanijali nikikaanga dagaa wala nisipokaanga. Jioni nilikuwa nakosa mtu wa kunigombeza. Hilo linaweza kukushangaza, lakini ukishagombezwa kwa upendo ukimya unakuwa mrefu sana.

Mwaka 2015 simu ikaita. "Shoga, niko Kasulu, nimekuja kufuatilia mambo yangu ya utumishi. Kesho napita hapo Kibondo na basi. Kaa stendi." Nikasema, shuka ulale japo siku moja. Akasema tiketi imeunganishwa mpaka Tanga, basi linasimama kidogo tu, simu inapata moto.

Nikaenda stendi mapema. Mwaka ule barabara ilikuwa na watu wengi, wengine wamevuka kutoka Burundi na vifurushi vyao, nikahofia hata nisimwone. Basi likaingia linafuka moshi mweupe kutoka mbele. Dereva akaruka chini, akafungua pua ya basi, akachukua kitambaa na dumu la maji, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

"Koma! Weka mkono chini!"

Sikuhitaji kuona uso. Alikuwa anashuka ngazi za basi, khanga kichwani, mwembamba kuliko nilivyomwacha. "Unataka ikulipukie usoni? Iache ipumue! Hufungui kitu kinachochemka, wala humwagii maji ya baridi chuma cha moto. Nani alikufundisha kazi?"

"Mama, tumechelewa," dereva akasema.

"Utachelewa zaidi ukiwa huna macho. Kanywe chai. Nitakuita."

Yule mwanamume, na mwili wake wote, akaenda kunywa chai.

Ndipo aliponigeukia. Nilikuwa nimeandaa maneno, akaniwahi. Yeye akainama kidogo, akaanza kupiga makofi taratibu, mikono imekunjwa kama bakuli. "Mwakeye," akasema, kisha akaniuliza nyumba. Akaniuliza watoto. Shamba. Mbuzi. Mvua. Alipomaliza akaanza upya kutoka upande wa pili, huyu mwanamke wa shikamoo marahaba tufanye kazi, na abiria wakatuzunguka kututazama. Nilimjibu yote. Kisha akageuza mkono, akaniwekea shingoni. "Huna homa," akasema. "Umekonda."

Tukakaa kwenye benchi la muuza chai, hatua chache kutoka pua ya basi. Mama yake yu hai, anaona kwa jicho moja, anamlalamikia kwamba ananuka mawese. Bajaji ameikuta inafanya kazi. "Nimeishika. Haina homa. Yule mama mkwe amenifukuza kwa fimbo, hakunitambua, akadhani nataka kuichaji." Alicheka mpaka akakohoa.

"Na joto la kwenu?" nikamuuliza. "Umelipata?"

Akatazama basi. "Nililililia miaka yote, shoga. Nimefika, nalala sakafuni, mlango wazi, najipepea. Blanketi la yule mama ninalo. Sijifuniki. Nalitandika tu, nalilalia." Akakaza khanga kichwani. "Kule hakuna mtu upande wa pili wa ukuta."

Chai ililetwa, tukanywa, akaisifu tangawizi. Abiria walianza kuguna. Moshi ulikuwa umekwisha muda mrefu.

Dereva akarudi anajifuta mdomo. "Mama, tayari?"

Mwalimu wa Umeme akainuka. Akaenda mbele ya basi, akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye rejeta. Akaukalisha pale, amekunja uso kama anayesikiliza. Nilimfuata kwa mazoea, nikaweka wa kwangu kando ya wake, jinsi alivyonifundisha. Chuma kilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

"Bado," akamwambia dereva. "Bado ina moto. Iache ipumue."

Dereva akasonya, akarudi kwenye kikombe chake. Mimi nikautoa mkono wangu taratibu, nikamfuata kwenye benchi, nikaagiza chai nyingine mbili.